Siku Niliyotangaza Kifo Changu

Nyinyi vijana mnaofunga spika kwenye pikipiki, mkaunganisha na simu, mkaweka wimbo uleule asubuhi hadi jioni na kudhani mmeshakuwa watangazaji, zimeni kidogo tuongee. Mimi ni Silvesta Owor. Jina hilo ukiliuliza Busia watu watakutazama tu. Uliza Redio. Kuanzia Sofia, mtaa wetu wa mpakani, hadi Tororo mjini, mtu mzima asiyemjua Redio basi amehamia juzi.

Shule nilifika darasa la nne, kule Iyolwa. Mwalimu alisema sauti yangu inasumbua mpaka darasa la jirani, nami nikaona nisiendelee kuwasumbua. Sauti hiyohiyo imejenga nyumba ya matofali ya kuchoma kule Sikuda na imesomesha mabinti watatu. Mmoja ni muuguzi, naye husema baba punguza sauti kama vile yule mwalimu. Sijapunguza. Mtu akiniambia ninajisifu, humuuliza: mwenye spika asiyejisifu atatangaza nini?

Kazi nilifundishwa na Fundi Swaleh, Mungu amrehemu, mtengeneza redio aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti, upande wetu wa mpaka. Baba yake alikuja na malori, yeye akabaki na waya. Nilikwenda kwake nimebeba redio ya marehemu baba yangu iliyokataa kuongea, nikakaa kutazama, na hata alipomaliza kuitengeneza sikuondoka. Kesho yake nikarudi. Kesho kutwa akanipa ufagio. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Somo lake la kwanza lilikuwa la honi, ile spika yenye mdomo mpana. Nilikuwa nimeielekeza juu, nikidhani sauti inakwenda mbali kama moshi. Akaniuliza, "Silvesta, huko juu unamtangazia nani? Ndege?" Honi inatazama vichwa vya watu, bwana, tena vya wale waliokaa. Leo napita barabarani naona spika zenu zimetazama mbinguni, nacheka peke yangu.

Somo la pili nilijifundisha kwa aibu. Siku hizo spika yangu nilikuwa nimeifunga kwenye baiskeli, na betri ya lori nyuma kwenye keria. Maji ya betri yanakula nguo, na hayakwambii. Nilitangaza harusi nzima Tororo nimeegemea ukuta, kwa sababu suruali yangu upande wa nyuma ilikuwa imebaki historia. Watu wakasifu kwamba mtangazaji huyu ana heshima, hageuki ovyo. Nikapata harusi nyingine palepale.

La tatu ni lile la msiba wa kijijini Mella, na hili lishikeni vizuri. Zamani tulitumia kanda. Nilikuwa na ya harusi na ya msiba, zote nyeusi, sura moja. Mwili wa mzee unatolewa ndani ya nyumba, wajane wamepanga mstari, mimi nikaweka kanda, ukatoka wimbo wa kumkaribisha bibi harusi. Nilipigwa kwa viti. Fundi Swaleh aliniona nimevimba. Alichukua uzi, akaifunga ile ya msiba, akasema kuanzia leo macho yako yapumzike, acha kidole kitambue. Nilipohamia kwenye simu nilifanya vilevile: msiba una simu yake peke yake, kuukuu, yenye vitufe, iko mfuko wa kushoto. Haina kitu kingine ndani. Msichanganye.

Maana msiba ndiyo iliyokuwa kazi yangu kubwa. Harusi ni za msimu, siasa ni ya miaka yake, lakini tanzia inakuja siku yoyote. Nawaeleza nyinyi wa mbali mlioletwa hapa na biashara, wenyeji wanajua. Gari au baiskeli ya tanzia ikipita kwetu, mlio unatangulia kwanza. Ule wangu alinirekodia Fundi mwenyewe kule Iyolwa: ngoma moja nzito na pembe, hauna maneno. Ukisikika, mama mwenye beseni kichwani analishusha na kupiga magoti hapohapo, kwenye vumbi au kwenye tope. Mwanaume anavua kofia na kuchuchumaa. Mwenye boda anazima pikipiki. Na hapo mtu hasimami kabla hajasikia jina, kwa sababu jina lenyewe huenda likawa la kwenu. Hakuna anayefikiri. Miguu inakunjika yenyewe. Nimeona mwizi wa kuku, anakimbizwa, anasikia mlio, anachuchumaa, na wanaomkimbiza wanachuchumaa nyuma yake. Jina likasomwa, mbio zikaendelea.

Sasa tuje kwenye maandamano.

Nimetangulia maandamano mengi kuliko wanasiasa wengi. Ya kanisa, ya walimu, ya mpira, ya wagombea wa rangi zote. Nilijifunza kumtambua mhuni wa kukodiwa kwa sababu mara nyingine nilikuwa nakodiwa na tajiri yuleyule. Nawapa bure. Mtu aliyekuja kuandamana anatazama spika, au anatazama rafiki yake. Aliyekodiwa anamtazama mtu mmoja, yule aliyemleta, anangoja ishara. Mwandamanaji anajua wimbo. Aliyekodiwa anajua kiitikio tu. Mwandamanaji amekuja na maji, na mwavuli, na malalamiko. Aliyekodiwa mikono yake haina kitu, ila gazeti limekunjwa, na ndani ya gazeti hakuna habari, kuna gongo la mti. Na hawa hawakai pamoja. Wanajimwaga katikati ya watu kama chumvi kwenye posho, ule ugali wetu, ukishachanganya huwezi kuitoa.

Kina mama wa mukene walinifuata wenyewe. Mukene ni wale samaki wadogo ambao ng'ambo wanaitwa omena. Hawana siri: lazima waanikwe chini, jua liwapige, wageuzwe, la sivyo wanaoza na harufu yao unaijua. Uwanja wa kuanika ulikuwa nyuma ya maegesho ya malori, na kina mama wale waliukuta wazee wao wakiutumia. Asubuhi moja wakafika wakakuta umezungushwa mabati mapya. Tajiri mmoja, jina lake sitalitia mdomoni, alisema ameununua. Kwa nani, hakusema.

Kiongozi wao ni Mama Nafula, Msamia, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mpagazi. Nilipoanza kazi na baiskeli yangu, yeye ndiye aliyeniruhusu kuchaji betri kwenye kibanda chake na hakuwahi kunikumbusha. Akaniambia, "Redio, tunakwenda manispaa kwa miguu kuomba uwanja wetu. Utatutangulia." Hakuuliza bei na mimi sikuitaja.

Mkubwa wa polisi aliwapa ruhusa, lakini alimwambia Mama Nafula mbele yangu: njia ni ile niliyowapa, mwendo ni wa polepole, na likirushwa jiwe moja tu, awe amelirusha nani, nawatawanya, na ruhusa nyingine msahau. Mama Nafula akakubali. Aliwaambia wenzake wote, na wapagazi wa Sofia waliokuja kuwaunga mkono, na vijana wa boda: jiwe moja, uwanja umekwenda. Ngumi moja, uwanja umekwenda. Hata ukitukanwa mama yako, meza.

Shida ni kwamba masharti yale yalimfikia pia tajiri wa mabati. Naye akafanya hesabu ambayo hata mimi wa darasa la nne naiweza. Ana haja gani ya kumpiga Mama Nafula? Anahitaji mtu mmoja tu wa kurusha jiwe.

Wakati huo nilishatoka kwenye baiskeli nikawa na gari la spika, ila siku hiyo halikufaa, njia ya sokoni ni nyembamba. Tukafunga spika kwenye baiskeli ya Wafula. Wafula ni mlemavu wa miguu, anavusha mizigo mpakani kwa ile baiskeli kubwa ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, na mikono yake ukisalimiana naye unarudi nyumbani umepungua. Honi mbili mbele, betri chini, mimi nimesimama nyuma kwenye kibao cha mizigo na maiki yangu, nimeinuka juu ya watu wote. Wafula akasema kwa miaka yote aliyobeba sukari, sabuni na mifuko ya saruji, huu ndio mzigo wa kwanza unaoongea.

Ili tujuane, mimi ndiye niliyetoa wazo kila mtu afunge jani la mgomba mkononi. Ni rahisi, halina gharama, linaonekana. Na kwa sababu ni rahisi na halina gharama, mtu yeyote anaweza kulichuma. Hapo sikufikiri mbali. Vijana, alama ya maandamano iwe kitu kigumu kupatikana.

Tuliondoka vizuri. Kina mama wanaimba, mabeseni matupu kichwani kuonyesha kwamba hawana pa kuanika. Tulipopita maduka ya simenti, Wafula akasema bila kugeuka:

"Redio, hawa vijana walio nyuma ya kina mama umewaalika wewe?"

"Hao ni wapagazi wa Sofia."

"Wapagazi gani wa kuvaa raba mpya, wote? Mimi huku chini naona miguu, bwana. Nimetazama miguu ya mpaka huu tangu wewe hujui kushika maiki. Wapagazi wetu wanavaa malapa, na haya magamba ya samaki yamewaganda. Zile raba zimetoka katoni moja."

Nikatazama kutoka juu. Kutoka juu nilichokiona ni vichwa na majani ya mgomba. Nikatazama tena, nikitafuta macho. Hapo nikawaona, mmoja huku, mmoja kule, wengine watatu kushoto, wote wanamtazama mwanaume mmoja mwenye jaketi la kahawia aliyekuwa anatembea karibu na Mama Nafula, mkononi gazeti.

Nilimwinamia Mama Nafula nikamwambia. Hakushtuka. Aliuliza kama polisi wanaona. Polisi walikuwa nyuma kabisa na mbele kabisa, na wakiona watu wamevaa jani moja wakipigana wataona nini? Watasema kina mama wa samaki wanapigana wao kwa wao. Nyumbani, maandamano yamekwisha.

Mwenye jaketi akaanza kazi. Alimgonga mama mmoja kwa bega, beseni likaanguka. Mama akaliokota, akalirudisha kichwani. Akamgonga mwingine. Mpagazi wetu mmoja, kijana mwenye kifua, akamwambia aangalie njia.

"Kwani nyie mna njia?" akasema yule. "Mama samaki, kaogeni kwanza ndiyo mwandamane. Hata inzi wamewafuata."

"Rudia," akasema mpagazi.

"Nirudie mara ngapi? Waulize inzi, wamesikia."

Nyuma kukapigwa kelele kwamba wametupiga, wametupiga. Hakuna aliyekuwa amepigwa. Huo ndio ufundi wao: kelele inatangulia pigo. Watu wakaanza kugeuka, wapagazi wakaanza kukunja mikono ya mashati. Mama Nafula akaniinulia uso, akasema niwazuie vijana wetu.

Nikasema kwenye maiki, kwa sauti ya kazi, kwamba vijana wetu msimguse mtu. Kosa. Kila mmoja akamtazama jirani yake kujua ni yupi huyo asiyemgusa. Jani lako, jani lake. Nikasema wageni wajitenge. Nani atajitenga? Nikaona sasa kwamba maneno yanazidisha moto. Na upande wa kushoto nikamwona kijana wa raba, mdogo, shingo nyembamba, ameinama na kuinuka na jiwe.

Watu huniuliza nilifikiri nini. Sikufikiri. Kidole kilikwenda mfuko wa kushoto. Niliisogeza simu ya msiba kwenye maiki, nikabonyeza.

Ngoma ikapiga. Pembe ikafuata.

Kwanza walikwenda chini kina mama, wote, kama nyasi upepo unapopita. Mabeseni yakalia kwenye lami. Halafu wapagazi, kofia mkononi, hata yule mwenye kifua aliyekuwa ameshainua ngumi, aliishusha ngumi yake akachuchumaa nayo. Vijana wa boda wakazima. Wenye maduka wakatoka nje wakapiga goti mlangoni. Na walipokwisha kushuka, kwenye barabara nzima walibaki watu wamesimama, mmoja hapa, mmoja pale, kama mahindi machache kwenye shamba la maharage. Raba mpya. Hawakuwa wa huku. Waliletwa kutoka mji wa mbali, na aliyewakodi aliwapa viatu na magazeti, akasahau kuwaambia kwetu watu wanafiwa vipi.

Nguvu ya mtu aliyejificha ni kujificha, basi. Waliona wanaonekana. Walitazamana, na kwa kutazamana wakajihesabu mbele yetu.

Lakini mlio ulikuwa unakaribia mwisho, na ukiisha bila jina watu watajua ni hila, watasimama. Ilibidi nitaje marehemu. Sasa nitamtaja nani? Ukimtangaza mtu aliye hai umemuua, kwetu hilo halina mchezo. Aliyekwisha kufa huwezi kumfanya afe tena. Nilikuwa na jina moja tu ambalo ni mali yangu.

"Ndugu wa Busia, ndugu wa Tororo," nikasema, na sauti haikutetemeka, waulizeni waliokuwapo, "tunasikitika kuwatangazia kifo cha Silvesta Owor, aitwaye Redio, mzaliwa wa Iyolwa, mwenye spika, kilichotokea sasa hivi mahali hapa."

Wafula akageuza shingo polepole.

"Umekufa?"

"Nyamaza, niko kazini."

Hakuna aliyeinuka. Jina walilijua, na mwenye jina walimwona amesimama juu yao akisoma tanzia yake, na jambo hilo halikuwa na kanuni, kwa hiyo walibaki chini. Mama mmoja alianza kulia kwa mazoea tu. Mwingine alicheka akaziba mdomo.

Aliyesimama ni Mama Nafula peke yake. Alipita katikati ya watu waliopiga magoti mpaka kwa yule kijana mwenye jiwe. Jiwe bado liko mkononi. Nilitamani kupiga kelele lakini maiki niliishusha.

"Mwanangu, weka hicho. Kuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Jina umelisikia. Kwenu mtu akifa mnasimama?"

Kijana alitazama watu wote wale chini. Alitazama jiwe. Akaliweka taratibu, kama mtu anayeweka yai, akachuchumaa pale alipo. Wa pili yake akachuchumaa. Kule kulia wakachuchumaa wawili.

Mwenye jaketi akawaka. "Mnakaa nini? Nimewaleta mkae? Fanyeni kazi." Katika kimya kile, neno hilo lilifika hadi mwisho wa barabara bila spika. Polisi wa mbele wakaja, na safari hii hawakuhitaji kuuliza ni nani: waliosimama. Jaketi la kahawia likakimbilia maegesho ya malori, raba kadhaa nyuma yake. Waliochuchumaa waliachwa. Mama Nafula aliwaambia polisi kwamba hawa ni wafiwa.

Hakuna jiwe lililorushwa. Hakuna ngumi. Tuliendelea kwa mwendo wa mazishi, kimya, na niwaambieni, nimeongoza kelele maisha yangu yote, lakini sijawahi kuongoza kitu chenye nguvu kama kimya kile. Watu wa madukani walijiunga wakidhani kweli kuna mwili. Mkubwa wa manispaa alitoka nje amevua kofia, akauliza kwa upole maiti iko wapi.

"Maiti ni uwanja wetu," akasema Mama Nafula. "Tumekuja uufufue."

Haikuwa siku hiyohiyo, nisiwadanganye. Kulikuwa na vikao, na kuja kupima, na maneno. Lakini mabati yaling'olewa, uwanja ukarudi wote isipokuwa kona moja karibu na choo, ambayo tajiri yule bado anaililia. Mwacheni nayo.

Hapo mngedhani hadithi yangu imekwisha na mimi nimeshinda. Nilishinda. Lakini tanzia ni tanzia. Mtu fulani alikuwa amerekodi, akamtumia ndugu, ndugu akamtumia ndugu, na kwa simu habari hufika bila ile sehemu ya kuchekesha. Kabla hatujamaliza kunywa soda, Iyolwa walikuwa wanalia. Nikampigia mama yangu, simu haishikwi. Nikamwita kijana wa boda anipeleke. Alinitazama, akaondoa pikipiki taratibu, akasema mzee samahani, mimi sibebi maiti. Wa pili alikubali, ila njia nzima alikuwa ananigusa goti kuhakikisha.

Nyumbani kwetu Iyolwa nikakuta hema limeshasimamishwa. Spika za mshindani wangu wa Tororo zinalia, honi zimetazama mawinguni, na niliona uchungu kuzikwa kwa sauti mbovu kiasi kile. Mdogo wangu alikuwa amevaa koti langu la Krismasi. Waliponiona walikimbia, wakarudi, wakanigusa, wakacheka, wakalia tena. Nikadhani imekwisha. Lakini nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba, vijana wa ukoo walikuwa wameshachimba hadi kiunoni.

Baba Mkubwa Okoth, ndiye mkubwa wa ukoo wetu aliyebaki, akasema hapo sasa pana neno. Kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu. Tukilifukia tupu litamwita mwenyewe. Akaamua ukatwe mgomba, uvishwe nguo yangu, uzikwe kwa jina langu, kama anavyozikwa mtu aliyepotelea ziwani. Kila mtu akaitika, mimi wa kwanza. Mgomba tunao.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Tangu nifike hakuwa amenigusa wala kuniangalia usoni. Akasema, "Nani alitangaza?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa maiki."

"Basi mgomba umekosa nini? Leta hiyo izikwe."

Maiki ile nilikuwa nayo kwenye begi. Niliinunua Nairobi, nilikwenda mwenyewe, nikaijaribu dukani mpaka wenye duka wakafunga masikio. Hakuna maiki kama ile mpaka wote huu. Nilimwambia mama, tena kwa heshima, nikiwa nimepiga goti, kwamba nilichofanya kimewaokoa watu. Akasema amesikia, na Mungu atanilipa. Nikamwambia vipo vyuma vingine, nitaleta hata honi nzima. Akasema honi haikutaja jina lako. Nikasema, "Mama, hiyo ndiyo kazi yangu."

Ndipo aliponitazama.

"Na wewe ndiyo kazi yangu mimi."

Mdomo wangu, ambao mwalimu hakuuweza, ulifungwa hapo. Nikafungua begi.

Kesho yake tuliizika, na tuliizika vizuri. Mama Nafula alikuja na kina mama wake kwenye lori, na gunia la mukene la kulisha waombolezaji, na walilia ipasavyo, kwa zamu, kama marehemu wa kweli. Wafula aliletwa juu ya magunia. Akaombwa aseme neno juu ya marehemu, akasema alikuwa na kelele, alikuwa mzito kubeba, lakini tulipomhitaji alikuwapo. Baba Mkubwa akatupa udongo wa kwanza, mimi nikatupa wa pili, nikasikia umegonga chuma kile. Mama hakuondoka mpaka kaburi lilipojaa na kusawazishwa kwa jembe.

Mnasema ningenunua maiki nyingine. Pesa nilikuwa nazo. Lakini fikirini kama mtu wa kazi. Watu wanapiga magoti kwenye tope kwa sababu mlio ule haujawahi kuwadanganya. Mimi niliwadanganya mara moja, kwa sababu nzuri, na wote wanajua na wananishukuru. Lakini mara ya pili, sauti yangu ikipita, yule mama mwenye beseni atangoja kidogo aone kama Redio anafanya ujanja wake. Atangoja amesimama. Na mtoto wa marehemu atamwona amesimama. Hilo sitaki kulisababisha kwa msiba wa mtu yeyote. Ule mlio nimempa yule mshindani wangu wa Tororo, na nikamfundisha kushusha honi. Mimi nimeacha nikiwa juu, hakuna aliyenishusha. Nina viti na mahema ya kukodisha, nyumba ya Sikuda inanitosha. Na nyinyi msiige. Mmoja wenu akijaribu nilichofanya mimi, barabara nzima itabaki imesimama na jiwe litaruka.

Nikienda uwanjani kununua mukene, kina mama wanaitana, Marehemu amekuja, mpimieni vizuri, na wananiongeza kidogo juu ya kipimo. Nakubali. Nimestahili.

Ila mama yangu, tangu siku ile, hupiga simu kila asubuhi. Hana shida na kitu. Hasalimii, hasemi lolote, nasikia kuku wake tu na yeye akivuta pumzi. Anangoja. Mimi nasema, "Mama." Anakata simu, anakwenda shambani.